Yule Aliye Nyuma ya Mitambo

Somo: 1 Samweli 30:21–25

 

Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja aliye katika makanisa yetu mengi, lakini jina lake halionekani katika ratiba ya ibada. Mhubiri ameandikwa, msomaji wa Neno ameandikwa, kwaya zimeandikwa moja baada ya nyingine. Huyu hakuandikwa. Yeye huketi nyuma au pembeni, mbele ya mashine yenye vifundo vingi ambayo mafundi huiita mikisa, na nyaya zimezunguka miguu yake. Ni fundi wa sauti.

Je, sisi washirika hugeuka lini kumtazama? Kwaya ikiimba nyimbo tano na kila neno likasikika, hakuna anayegeuka. Lakini mtambo ukipiga mluzi mara moja tu, vichwa vyote vinageuka, na macho yote yanamwuliza, “Wewe unafanya nini huko?” Basi huyu ni mtumishi ambaye akifanya kazi yake vizuri hatumwoni kabisa, na tukimwona ni kwa kumlaumu. Jambo hili si haki, na leo nataka tulitazame kwa nuru ya Maandiko.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana ni vigumu kumshukuru mtu kwa kazi usiyoijua.

Zamani wahubiri walitegemea koo zao tu. Mwaka 1739 mhubiri Mwingereza George Whitefield alihubiri nje katika mji wa Philadelphia, kule Amerika. Benjamin Franklin, aliyekuwa msikilizaji mmoja siku hiyo, alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi mahali sauti ilipoanza kupotea, kisha akapiga hesabu. Aliona kwamba sauti ya mhubiri yule ingeweza kuwafikia watu zaidi ya 30,000. Lakini Mungu hakuwapa watu wengi koo la namna hiyo. Na tena, mahali penye uwazi, sauti hudhoofika upesi. Kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti inabaki robo tu. Mama aliye meta 40 kutoka jukwaani hupata robo ya ile anayopata aliye meta 20. Ndiyo sababu fundi anayejua kazi yake katika mkutano wa uwanjani huziinua spika juu ya vichwa vya watu. Hataki walio mbele wazibe masikio huku walio nyuma wakiambulia manung'uniko.

Ndani ya kanisa kuna shida nyingine. Makanisa yetu mengi yana paa la mabati, kuta za mawe na sakafu ya saruji. Sauti ikitoka katika spika hugonga ukuta na kurudi, na neno la pili hulikuta la kwanza bado linazunguka hewani. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka. Fundi asiyejua huzidisha. Fundi anayejua hupunguza, akazielekeza spika kwa watu badala ya kuta, akaziondoa zile sauti nzito zinazonguruma bila faida. Tena anajua kwamba kanisa tupu la Jumamosi jioni si kanisa lile lile la Jumapili saa nne. Miili ya watu na nguo zao hunywa sauti. Alichokipanga jana hana budi kukipanga tena leo, kimya kimya, wakati wimbo wa kwanza unaendelea.

Sasa tuutazame ule mluzi unaotugeuza vichwa. Kazi ya maikrofoni ni kusikia, na kazi ya spika ni kusema. Maikrofoni ikianza kuisikia spika, inairudishia sauti ile ile, spika inaisema kwa nguvu zaidi, maikrofoni inaisikia tena, na kabla hujafumba jicho mtambo mzima unalia. Je, ni nani aliyeuleta? Mara nyingi ni mwimbaji aliyepita mbele ya spika akiwa na maikrofoni mkononi. Au ameikamata kichwani na kukifunika kwa kiganja, maana ameona wengine wakifanya hivyo. Au ameishusha hadi kifuani, na fundi amelazimika kuifungua zaidi ili asikike. Basi yule tunayemgeukia kwa hasira, mara nyingi siye aliyekosa. Yeye ndiye anayehangaika kulizima kosa la mwingine.

Kuna jambo moja zaidi, na hili lahusu Injili yenyewe. Katika maneno yetu, sauti za a, e, i, o, u zina nguvu, lakini sauti kama p, t, k na s ni dhaifu. Ngoma, gitaa la besi na kinanda vikizidi, hizi dhaifu ndizo zinazomezwa kwanza. Aliye nyuma husikia tuni nzuri, lakini hajui kama mwimbaji ametaja kosa au posa. Mtume Paulo aliliona jambo hili. Katika 1 Wakorintho 14:8 anauliza ni nani atakayejiweka tayari kwa vita kama tarumbeta inatoa sauti isiyoeleweka. Kwaya inaweza kufanya mazoezi miezi mitatu, na maneno ya wimbo yakafia kati ya jukwaa na benchi la tano. Anayeyavusha ni fundi.

Waimbaji waliosafiri sana wanalijua jambo hili vizuri. Wakifika mahali pa mkutano, mapema huuliza ni nani atakayekaa kwenye mitambo. Wakiambiwa ni yule mwenye utulivu, anayesikiliza, nyuso zao zinang'aa. Maana mwimbaji akiwa jukwaani hawezi kusikia kile washirika wanachosikia. Amemkabidhi mwingine sauti yake. Na ili asipoteze ufunguo wa wimbo, inampasa ajisikie mwenyewe. Kwa hiyo fundi huweka spika ndogo zinazomwelekea, ziitwazo monita, na humpa kila mmoja kile anachohitaji. Anayeongoza wimbo apewe kinanda, na mpiga ngoma apewe besi.

Pasipo huduma hiyo, hata wenye sifa kubwa hushindwa. Tutoe mfano kutoka kwa wanamuziki wa dunia. Tarehe 15 Agosti 1965 kikundi cha Waingereza kilichoitwa Beatles kilipiga muziki katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Hawakuwa na spika za kujisikia wenyewe, na sauti zao zilipitishwa katika vipaza sauti vya uwanja, vya kutangazia michezo. Makelele ya watu yakawafunika. Mpiga ngoma wao, Ringo Starr, alisimulia baadaye kwamba katika maonyesho ya namna hiyo alitazama jinsi wenzake walivyotikisika ili ajue wimbo umefika wapi. Mwaka uliofuata, 1966, waliacha kabisa maonyesho ya kuzunguka, na kutojisikia kulikuwa sababu mojawapo. Walikuwa na fedha, walikuwa na jina, walikuwa na vipawa, lakini hawakuwa na mtu wa kuichukua sauti yao na kuwafikishia watu na wao wenyewe.

Basi, wapenzi, twende kijito cha Besori. Waamaleki walikuwa wameuteketeza mji wa Siklagi na kuwachukua mateka wake na watoto. Daudi akawafuatia akiwa na watu 600. Walipofika kijitoni, 200 walikuwa wamechoka mno wasiweze kuvuka. Wakabaki pale pamoja na mizigo, na wale 400 wakaendelea. Bwana akawapa ushindi, wakarudi na kila kitu na nyara nyingi. Ndipo baadhi ya wale waliokwenda vitani wakasema, hawa waliobaki wasipewe nyara, wachukue wake zao na watoto wao waende zao.

Daudi alikataa. Aliwakumbusha kwamba ushindi ule ulikuwa kipawa cha Bwana, haukuwa mali yao. Kisha akaamua kwamba fungu la aliyeshuka vitani na la aliyekaa na mizigo litakuwa sawasawa. Neno hilo likawa sheria katika Israeli tangu siku ile.

Ndugu zangu, sheria ya Besori inafuatwa katika kanisa lako? Fikiri juu ya siku ya mkutano mkubwa. Fundi alifika kabla ya jua kuchomoza, akabeba spika mgongoni, akazikunjua nyaya katika umande. Mkutano ukifungwa, kwaya inaitwa chakulani, mgeni wa heshima anasindikizwa, bahasha zinatolewa. Yeye bado anakunja nyaya. Akimaliza, birika ni tupu na sahani zinaoshwa. Gari la kwaya limekwisha kuondoka, naye anatafuta matatu usiku akiwa na sanduku la maikrofoni mkononi. Jumapili inayofuata anaambiwa, “Siku ile mtambo ulitupigia mluzi.” Hilo ndilo fungu lake.

Kijana akitendewa hivyo mwezi baada ya mwezi, siku moja atazikunja nyaya zake na hatarudi. Nasi tutamtia yeyote aliye karibu kwenye mashine, vifundo vyote vitafunguliwa hadi mwisho, na nyanya aliyeketi benchi la nyuma, aliyetembea kilomita nyingi aje asikie neno la faraja, atarudi nyumbani na maumivu ya kichwa tu. Deni la shukrani tusilolipa, wa kulilipa ni nyanya huyo.

Basi tufanye nini?

Ninyi waimbaji, fikeni mapema mjaribu mitambo pamoja na fundi. Katika kujaribu, imbeni kwa nguvu ile ile mtakayoimbia ibadani, msinong'one halafu mje kupaza wakati wa ibada. Shikeni maikrofoni katika mpini, karibu na kinywa, na msiipeleke mbele ya spika. Msiigonge wala kuipuliza. Mkihitaji kitu mkiwa jukwaani, mwashirieni fundi kwa mkono. Msimkemee mbele ya watu kwa kipaza sauti kile kile anachowashikia. Na mkishuka, kabla ya kupeana mikono na wanaowasifu, mwendeeni mkamwambie asante kwa jina lake. Kisha shikeni ncha moja ya waya mkamsaidie kuukunja.

Ninyi wazee wa kanisa, mkipanga chakula, hesabuni sahani yake. Mkipanga nauli, hesabuni yake. Mpeni nafasi ya kujifunza kazi, maana masikio hufundishwa kama mikono inavyofundishwa. Na mkikusanyika kuombea ibada kabla haijaanza, mwiteni. Msimwache nje na mashine kana kwamba yeye naye ni mashine.

Nawe fundi, ndugu yangu, nina neno kwako pia. Kazi yako si kuonyesha ukubwa wa spika zako. Umekabidhiwa masikio ya watu, na kati yao kuna watoto wachanga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika kumbi za muziki wastani wa sauti usizidi desibeli 100, nayo nyumba ya Mungu haina sababu hata ya kuukaribia mpaka huo. Sikiliza, tembea hadi benchi la mwisho, uliza kama wanasikia maneno. Usiku unapokunja nyaya peke yako, kumbuka Tertio. Paulo alisema maneno ya Waraka kwa Warumi, lakini mkono uliouandika ulikuwa wa Tertio, na katika sura ya 16, mstari wa 22, yeye mwenyewe anatoa salamu zake. Mtu aliyebeba sauti ya mwingine hakusahauliwa. Jina lake limo hata leo.

Tuombe. Ee Baba yetu uliye mbinguni, twakushukuru kwa watumishi wako wanaofanya kazi pasipo kuonekana. Utusamehe tulivyowaona siku za makosa tu. Wape masikio ya kusikia na moyo wa subira. Utufundishe kugawana nao sawasawa, heshima na mkate, maana ushindi wote ni wako. Na Neno lako lifike hadi benchi la mwisho. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.