Kondoo Amekunywa Dawa na Bado Anakonda? Rada Ndiyo Hii

Ukimwambia msee wa Nairobi umetoka Mulot, kitu ya kwanza anafanya ni kuangalia kama laini yake bado iko na netiweki. Jina la hii taoni ya mpaka wa Bomet na Narok limechafuliwa na wezi wa simu. Lakini leo stori si ya laini. Kuna mwizi mwingine huko malishoni, na huyu hubadilisha kitu ndani ya mwili wake hadi dawa inamkosa.

Ni mnyoo anaitwa Haemonchus contortus. Anaishi kwa tumbo la kondoo na mbuzi, na chakula yake ni damu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Wakijaa, kope za kondoo zinakuwa nyeupe ndani, chini ya taya panavimba, na kabla ushtuke umebaki na ngozi.

Sasa unaenda agroveti, unanunua albendazoli, unamnywesha. Dawa inafanya aje? Ndani ya seli za mnyoo kuna protini inaitwa beta-tubulini. Hiyo ndiyo hujenga vijibomba vya kusafirisha vitu ndani ya seli. Dawa inaishika, ujenzi unasimama, mnyoo anaisha nguvu na kufa njaa.

Shida iko hapa. Protini ni kama mkufu, na shanga zake ni asidi amino. Kwa minyoo wengi sugu, shanga nambari 200 imebadilika: pahali pa fenilalanini pameingia tirosini. Tofauti ya hizo mbili ni atomu moja tu ya oksijeni. Moja! Na inatosha dawa kukosa pa kushika. Mnyoo anaendelea kula, na watoto wake wanarithi ujanja huo.

Wanasayansi wanamnasa aje? Kuna mashine ya kupima uzito wa vipande vya protini. Oksijeni moja ikiongezeka, kipande kinazidi kwa 16 kwenye vipimo vya atomu. Njia rahisi zaidi ni kusoma DNA ya mayai, kwa sababu maagizo ya ile shanga yameandikwa hapo.

Wewe huna maabara, sawa. Mwambie daktari wa mifugo ahesabu mayai kwa mavi ya kondoo kabla ya dawa, na tena siku 10 hadi 14 baadaye. Kama hayajapungua kwa asilimia 95, shuku usugu.

Pia usichezwe na chupa. Albendazoli na fenbendazoli ni familia moja, kwa hivyo ukibadilisha kampuni tu, umelipia dawa ile ile na sura mpya. Levamisoli na ivermektini ni familia zingine. Soma lebo. Pima uzito wa kondoo pia, juu dozi ndogo huua minyoo wanyonge na kuacha wale wagumu wazaane.

Na usidhani ni mambo ya mifugo pekee. Albendazoli ndiyo tembe ya minyoo watoto wetu hupewa shuleni. Minyoo wa watu ni wengine, lakini dawa inalenga protini ile ile. Atomu moja tu, buda.