Mionzi na Kalenda (Sehemu ya Pili)

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, mawe ya urani ya Shinkolobwe, jirani na Likasi nchini Kongo, yalianza kusafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ambako kampuni ya madini ya Union Minière ilitoa radiamu ya kutibia kanseri kwa mionzi. Miaka hiyohiyo, huko Paris, mtafiti Claude Regaud alikuwa akihangaika na kondoo dume. Alipojaribu kumhasi kwa mionzi ya mara moja, ngozi ya korodani iliungua vibaya. Mionzi ileile alipoigawa kwa siku kadhaa, mbegu zilikwisha, ngozi ikasalimika. Mwenzake, Henri Coutard, akaipeleka hesabu hiyo kwa wagonjwa wa kanseri ya koo.

Seli nzima zikijeruhiwa kidogo hujitengeneza ndani ya saa chache. Za kanseri hazina ufundi huo kwa kiwango kilekile. Ndiyo sababu desturi ni grei 2 (grei ni kipimo cha mionzi) kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 hadi 7.

Taabu huanza katikati ya wiki hizo. Ngozi inawiva, anayetibiwa nyonga anaharisha, wa koo hamezi hata uji. Mgonjwa anaomba apumzike wiki moja, na nani atamlaumu? Lakini kanseri nayo hutumia mapumziko hayo kuota upya. Kwa kanseri ya mlango wa kizazi, madaktari hutaka tiba nzima ya mionzi ikamilike ndani ya wiki 8.

Sasa fikiria anayetoka Kolwezi, Kongo, kwenda hospitali ya kanseri ya Lusaka, Zambia, iliyofunguliwa mwaka 2007: Likasi, Lubumbashi, foleni ya malori mpakani Kasumbalesa, kisha Kitwe na kuendelea. Akishafika, anapanga chumba ugenini kwa wiki zote hizo.

Kwa hiyo utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2020 unamhusu. Kwa kanseri ya titi ya mapema, grei 26 kwa siku 5 zilifanya kazi sawa na grei 40 kwa wiki 3. Kundi jingine lilipewa grei 27, moja tu zaidi, nalo likapata madhara mengi zaidi kwenye titi. Kufupisha ratiba, basi, si kazi ya kukisia, wala haifai kila kanseri.

Hata dakika za kila siku hubadilika. Mashine nyingine za mionzi hutumia kobalti-60, ambayo hupatikana kwa kuweka kobalti ya kawaida, madini yaleyale ya Kolwezi, ndani ya kinu cha nyuklia. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na ushei. Chanzo kikizeeka hivyo, aliyekuwa akilala mezani dakika 3 sasa hulala 6, bila kujitikisa, na foleni mlangoni inarefuka.