Anayenunua Pikipiki Aketi Nyuma Kwanza

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Methali hiyo nimeifundisha darasani mwaka nenda mwaka rudi, nikaitolea maana na matumizi, na wanafunzi wakapata alama zao. Hata hivyo, mimi mwenyewe sikuielewa hadi siku nilipopakiwa kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki yangu, hapa Katito.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Katito ni kituo cha biashara katika Nyakach, Kaunti ya Kisumu, mahali ambapo barabara itokayo Ahero hugawika: moja ikaelekea Sondu na Kisii, nyingine Kendu Bay na Homa Bay. Ukiziacha barabara hizo unaingia katika vijia vya udongo mweusi, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa masika hunata kama gundi. Huko ndiko waliko wazazi wetu, wanafunzi wetu na shule zetu nyingi. Matatu haziingii huko. Kinachoingia ni pikipiki, ambayo sisi huku huiita apiko.

Nilipopata mkopo wa chama cha akiba na mikopo, niliamua kujinunulia yangu. Nilijua nilichokitaka: pikipiki iliyoinuka, yenye magurudumu ya meno makubwa, na injini ya kupanda mlima wa Nyabondo pasipo kulalamika. Nilipata moja iliyokwisha kutumika, nikaijaribu mara mbili nikiwa peke yangu, nikalipa. Jina la walioiunda sitalitaja, kwa maana kosa halikuwa lao bali langu.

Wala sitaikana raha niliyoipata. Jumamosi moja asubuhi nilipanda hadi Nyabondo, nikasimama ukingoni, nikaitazama nyanda ya Kano chini yangu na ghuba ya Winam iking'aa kwa mbali. Kisha nikateremka polepole, upepo ukinipiga kifuani. Mwalimu aliyeshinda juma zima akisahihisha madaftari ana haki ya kufurahi hivyo, na anayesema kuwa pikipiki ni chombo cha kazi tu hajawahi kuiendesha.

Lakini nyuma yangu palikuwa na kiti cha pili, na kiti hicho kilikuwa cha mama yangu.

Mama ana ugonjwa wa shinikizo la damu, na kila mwezi sharti aende kliniki. Mwezi wa kwanza nilimpeleka kwa pikipiki mpya, akashuka bila kusema neno. Mwezi wa pili aliniambia kliniki imeahirishwa. Mwezi wa tatu akasema dawa za awali hazijamwishia. Mwezi wa nne nilimkuta ameketi kivulini, kichwa kikimgonga, macho mazito. Nikamshurutisha apande. Tulipofika nusu ya njia alinigusa begani, nikasimama. Akashuka, akajifunga leso upya, akaniambia kwa upole:

"Mwanangu, pikipiki hii umejinunulia wewe. Mimi umenipakia tu kama gunia."

Akaanza kutembea. Mimi nikaikokota pikipiki kando yake hadi kliniki, watu wakitutazama. Huko nilifahamu kwamba kliniki haikuahirishwa hata siku moja. Mama alikuwa amekosa dawa kwa miezi miwili kwa sababu ya kiti, na hakutaka kuniaibisha.

Jioni ile nilimwomba mwalimu mwenzangu anipakie kwa njia ileile. Ndipo nilipowajua kunguni. Sponji ya nyuma ilikuwa nyembamba na ngumu. Vikanyagio vilikuwa juu mno, magoti yakanifika karibu na kifua. Hapakuwa na chuma cha kushika ila shati la mwenzangu. Bomba la moshi lilipita karibu na mguu wangu wa kulia, nikakumbuka makovu ninayoyaona kwenye miguu ya wanafunzi wetu wanaopanda boda boda kila siku.

Mwanafunzi wa fizikia ataelewa sababu. Mwendeshaji huketi kati ya magurudumu mawili. Anayepakiwa huketi karibu juu ya gurudumu la nyuma, na kila shimo humrusha zaidi, kama anavyotikiswa aketiye kiti cha mwisho cha basi. Aidha, mwendeshaji ameshika usukani na huliona shimo kabla ya kulifikia, akajiinua kidogo. Anayeketi nyuma haoni ila kisogo. Raha ya mmoja hutoka katika mambo yaleyale yanayomuumiza mwingine: mwendo, mkunjo wa kona, urefu wa chombo.

Haikuwa hivi zamani. Walimu wa rika langu wanazikumbuka boda boda za baiskeli zilizojaa Kisumu. Kazi hiyo ilianzia mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, na ndiko jina lilikotoka. Mwenye baiskeli alijua kwamba mteja hutazama kiti kwanza. Kwa hiyo alishona mto mnene juu ya keria, akauvika kitambaa cha nakshi, akafunga vyuma vya kukanyagia pembeni. Pikipiki zilipoongezeka, hasa baada ya serikali kuondoa ushuru wa ongezeko la thamani kwa zile ndogo kuelekea mwisho wa mwongo wa kwanza wa karne hii, kasi ikauzwa badala ya mto. Mteja akasahauliwa.

La ajabu ni kwamba nyingi ya pikipiki tunazozitumia, kama vile Boxer na TVS, asili yake ni India, na waundaji wa huko hawakumsahau. Kanuni za magari za India za mwaka wa 1989 zinataka pikipiki yenye kiti cha abiria iwe na mahali pa kudumu pa kushika, kikanyagio, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo za anayepakiwa zisinaswe. Kinga hiyo iliwafikiria wanawake wenye sari. Leso ya mama yangu ina hatari ileile. Lakini nenda stejini uone: wengine wameing'oa kinga ili wapate nafasi ya kufungia magunia, na chuma cha kushika kimefunikwa na keria ya mizigo.

Sheria yetu nayo haijanyamaza. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya hakiruhusu zaidi ya abiria mmoja, na kinamtaka aketi akiwa ametenganisha miguu, mmoja huku na mwingine kule, kwenye kiti madhubuti kilichofungwa nyuma ya mwendeshaji. Sisi tunapakia wanafunzi watatu, na mama zetu huketi upande. Najua heshima ndiyo inayowaketisha hivyo. Mama yangu alilitatua kwa kushonewa suruali pana ya kuvaa chini ya rinda.

Pikipiki ile niliiuza kwa hasara. Nilipokwenda kununua ya pili nilikwenda na mama. Muuzaji alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa maana bibi yule aliuliza maswali ambayo mimi sikuyauliza. Je, miguu yangu inafika kwenye kikanyagio bila magoti kupanda? Nitashika wapi ukifunga breki ghafla? Kiti ni bapa, au kinanisukuma mgongoni mwako? Bomba hili la moshi lina kinga? Tulichukua pikipiki ya kawaida, kiti kirefu, injini ya wastani. Fundi alituonyesha kwamba springi za nyuma zina pete ya kuzungushwa kulingana na uzito unaobebwa, na kwamba gurudumu lililojazwa upepo kupita kiasi hurusha abiria hata kama springi ni njema.

Siku hizi pikipiki za umeme zimeanza kuonekana. Hazina bomba la moto wala mtetemo wa injini, na hilo ni jema. Lakini shimo halijui petroli wala umeme, na kiti kibaya kitabaki kibaya.

Kuna watakaoniambia kwamba mchagua jembe si mkulima, nao kipato cha mwalimu hakiruhusu madaha. Nawajibu kuwa kuketi nyuma kwa nusu saa hakugharimu hata senti moja. Basi mwalimu mwenzangu, kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, mpe mwingine ufunguo, panda nyuma, na mwende njia mbovu kuliko zote utakazopita. Nawe mwanafunzi, ukiona wawili wamekwisha kupanda, ngoja nyingine.

Bado hupanda Nyabondo Jumamosi, ingawa nachukua muda mrefu zaidi kufika. Mama hajakosa kliniki tena. Mwezi uliopita aliniuliza, kabla sijamkumbusha, tutaondoka saa ngapi.