Timu Iliyoteleza Ipewe Nafusi

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba michezo ya video haina la kumfunza mwanafunzi. Mimi sikubaliani nao. Hebu tutazame mashindano ya Dota 2 yaitwayo The International, yaliyoanzishwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2011.

Kila timu huwa na wachezaji watano, na kila mmoja ana jukumu lake. Katika hatua ya mtoano, timu inayoshindwa kwenye daraja la juu haifukuzwi. Huteremshwa daraja la chini, na ni huko ikishindwa ndipo hufungasha virago.

Mwaka 2021 mjini Bucharest, Romania, Team Spirit iliteremshwa katika mechi yake ya kwanza ya hatua hiyo. Haikufa moyo. Ilizibwaga timu tano mfululizo, ikiwemo ile iliyoiteremsha, kisha ikailaza PSG.LGD 3-2 katika fainali.

Wahenga walinena kuwa kuteleza si kuanguka. Je, mbona shuleni mwanafunzi aliyefeli mtihani mmoja aghalabu huitwa mbumbumbu? Walimu wenzangu, naye tumpe daraja la kupandia tena.