Mto Husafishwa Kuanzia Mlangoni

Mtu akaaye Jericho, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, aweza kumaliza mwezi mzima asiuone Mto Nairobi. Asubuhi hutoka nyumbani kwake, hupanda gari katika Barabara ya Jogoo, akaenda kazini; jioni hurudi kwa njia ile ile. Watoto hucheza mpira katika uwanja wa Camp Toyoyo, akina mama hununua mboga sokoni, na mto hautajwi. Kwa sababu hiyo wako watu wadhanio ya kwamba kuulinda mto ni kazi ya wale tu wakaao kingoni mwake. Mawazo hayo si sawa, na yafaa kila mwenye nyumba afahamu kwa nini.

SAFARI YA MAJI

Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, upande wa magharibi. Hupita katikati ya jiji, ukateremka Kamukunji na Gikomba, ukaendelea hata Korogocho na Dandora. Mto Mathare na Mto Ngong huingia ndani yake, kisha maji hayo yote huungana na Mto Athi, ambao mwisho wake humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi, huko uitwako Sabaki. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji ya baridi. Wafugaji walinywesha ng'ombe wao hapa kabla reli haijafika mwaka 1899.

Mvua inyeshapo Jericho, maji ya mapaa na ya barabara huingia mitaroni, na mitaro hiyo huteremka kuelekea mtoni. Kila kitu kilichotupwa mtaroni husafiri pamoja na maji: chupa ya plastiki, nepi ya mtoto, mafuta machafu ya gari, maganda ya ndizi. Basi mtu atupaye taka mtaroni amezitupa mtoni, ijapokuwa hajaukanyaga ukingo wake hata siku moja.

MADHARA YAKE

Taka zikiziba mtaro, maji hukosa njia, yakaingia majumbani, na mbu wakapata mahali pa kuzaa. Maji ya vyoo na mabaki ya vyakula yakiingia mtoni, huoza humo, na kuoza huko humaliza hewa iliyomo majini ambayo samaki huivuta. Mto uliokosa hewa hiyo hugeuka mweusi na kunuka. Tena, huko chini wako wakulima wanaonywesha sukuma wiki na mboga nyingine kwa maji hayo hayo, na mboga hizo huletwa sokoni. Hivyo uchafu uliotoka mjini waweza kurudi mjini ndani ya kikapu cha mboga.

Wala mtu asidhani ya kuwa taka zikichukuliwa kwa mkokoteni zimekwisha. Taka nyingi za Nairobi zilipelekwa katika jaa la Dandora, ambalo lilianza kutumika katika miaka ya 1970, nalo liko kando ya mto huu. Mwaka 2001 ilitangazwa ya kwamba jaa hilo limejaa, lakini taka ziliendelea kumwagwa hapo kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Gigiri, lilitoa taarifa juu ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa wakati huo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, akashindwa kujifunza kama wenzake.

KINGO NI SEHEMU YA MTO

Jambo la pili la kufahamu ni hili: ardhi iliyo kando ya mto ni sehemu ya mto. Nyasi na mizizi ya miti huushika udongo usibebwe, hupunguza mbio za maji, na huzuia uchafu kabla haujaingia majini. Ukingo ulio na miti huyanywa maji ya mvua polepole. Ukingo uliojengwa mabati na mawe huyasukuma yote mara moja kwa watu wa chini. Ndiyo sababu kanuni za Kenya zimeacha nafasi ya mita 6 hadi 30 kandokando ya mto isijengwe.

Mafuriko ya mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, yaliyafunua hayo kwa uchungu. Katika Kenya nzima zaidi ya watu 200 walikufa, na katika Nairobi watu wa Mathare na Mukuru walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Baadaye Serikali iliamuru watu waondoke karibu na mito, na nyumba nyingi zikabomolewa. Wengi wa waliopoteza makao walikuwa maskini waliojenga hapo kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine. Mto haukuwaonea, ulirudi katika nafasi yake. Lakini jamaa aliyefukuzwa na mto asipopewa mahali pa kukaa, hana budi kurudi.

MFANO WA KOROGOCHO

Je, watu wa kawaida waweza kufanya nini? Huko Korogocho, tangu mwaka 2017, vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions, ambao baadhi yao hapo awali walikuwa katika njia za uhalifu, walianza kuondoa marundo ya taka kwenye ukingo wa Mto Nairobi. Walipanda miti, wakatengeneza bustani yenye mahali pa watoto kuchezea. Mahali palipokuwa pa kuogopwa pakawa pa kupumzikia.

Wala si jambo geni katika sehemu hizi. Tarehe 5 Juni 1977, katika bustani ya Kamukunji, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7, na kazi hiyo ikawa chanzo cha Green Belt Movement. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Yafaa tukumbuke jinsi wanawake wa chama hicho walivyolipwa: walipewa fedha kidogo kwa kila mche uliokua, wala si kwa kila mche uliopandwa. Hapo pana fundisho kubwa. Kupanda mti ni kazi ya siku moja mbele ya wageni. Kuunywesha ni kazi ya kila wiki bila wageni.

KAZI YA JERICHO

Watu wa mtaa waweza kuanza na mambo madogo. Nyumba za mstari mmoja zipatane siku ya kuzibua mtaro wao kabla ya mvua za Machi na za Oktoba. Maganda na mabaki ya jikoni yatengwe na plastiki, maana yakioza huwa mbolea. Mafuta ya gari yawekwe katika debe, yasimwagwe chini. Bomba la maji machafu likipasuka, habari zipelekwe mara moja kwa wanaohusika, wala majirani wasingojeane.

Ni kweli ya kwamba yako mambo yasiyowezwa kwa jembe na gunia. Viwanda vinavyomwaga sumu, na mabomba ya zamani yasiyotosha wingi wa watu, ni kazi ya Serikali na ya Jiji. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi. Na kifungu cha 69 chamtwika kila mtu wajibu wa kuyalinda pamoja na Serikali. Haki na wajibu huenda pamoja. Watu waliosafisha mitaro yao wenyewe wana nguvu ya kusimama mbele ya wakubwa na kudai kilicho chao.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Mto Nairobi uko katika mtaro upitao mbele ya nyumba yako.