Habari za Kajiado: Nyasi, Seng'enge na Simba

Mgeni afikapo katika boma la Wamasai wa Kaputiei, upande wa Kitengela au Isinya, haulizwi shida yake mara moja. Huamkiwa kwanza. Mwanamke huambiwa "takwenya" naye huitika "iko". Watoto huja mbele ya mzee na kuinamisha vichwa ili awaguse. Akisha kukaa na kunywa chai ya maziwa, ndipo aombwapo kutoa ilomon, yaani habari. Naye huzieleza kwa taratibu: atokako, hali ya nyasi huko, mvua ilikonyesha, maji ya visimani, maradhi ya ng'ombe, nani kafiwa na nani kajifungua. Amalizapo, mwenyeji naye hutoa zake. Wenye magazeti wangefurahi sana kupata wasikilizaji kama hao.

Siku hizi simu ya mkononi imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mzee aweza kuketi chini ya mgunga karibu na Bissil, akauliza bei ya madume mnadani kabla hajamtoa hata mmoja zizini. Lakini habari zenyewe hazikubadilika, na ya kwanza daima ni ya nyasi. Wazee husimulia ukame wa 1961, uliokausha malisho na kuua ng'ombe wengi mno, kisha mwisho wa mwaka ule ule zikaja mvua za gharika. Vijana wao wana ukame wa 2009 na ule wa 2022. Katika miaka ya namna hiyo wachungaji wengine huswaga ng'ombe wao mpaka ndani ya Nairobi, wakale majani ya kando ya barabara, na watu wa mjini hushangaa kana kwamba nchi hiyo haikuwa malisho kabla ya kuwa mji.

Habari ya pili ni ya ardhi, nayo huenea upesi kuliko ya arusi. Kwa sheria ya 1968 Wamasai waliandikishwa katika mashamba ya jumuiya, ambamo mifugo ililisha pasipo mipaka kati ya mtu na mwenziwe. Shamba la Kitengela liligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Muda si mrefu, tangu 1990, viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje vikafunguliwa Athi River. Wafanya kazi wakahitaji nyumba, na wenye hati wakaanza kuuza. Karo ya shule ilidaiwa, mgonjwa alikuwa hospitali, na mnunuzi alikuwa na fedha taslimu. Hakuna wa kumlaumu kwa wepesi. Lakini palipouzwa pakatiwa seng'enge, na njia ya ng'ombe iliyokuwa moja kwa moja ikawa ya kuzunguka.

Nyumbu na punda milia waliotoka katika Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946, walikuta seng'enge hizo hizo. Kwa hiyo mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye mashamba dola 4 kwa eka kila mwaka, ili wasizungushe ua, wasilime wala wasiuze. Mwenye eka 100 alipata dola 400. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, majira ya kufungua shule, na hapo walioupanga walionyesha akili.

Wanyama wapitapo, simba huwafuata. Mwezi wa Juni 2012 simba 6 waliouvamia mji mmoja wa Kitengela na kuua mbuzi waliuawa kwa mikuki. Sheria ya 2013 iliweka fidia kwa mifugo iliyouawa na wanyama wa mwitu, lakini fidia huchelewa, na mbuzi huliwa usiku mmoja.

Dawa nyingine ilitoka kwa mtoto wa huko huko, Richard Turere, aliyekabidhiwa ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, ukawasaidia simba kuona zizini. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba wakarudi nyuma, siku ya pili wakaona haisogei, wakaingia. Usiku mmoja akizunguka zizi na kurunzi, akatambua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akatwaa betri kuukuu ya motokaa, kisanduku cha taa za ishara cha pikipiki na balbu za kurunzi mbovu, akazipanga zimulike kwa zamu kuelekea nje. Betri ilijazwa kwa nguvu za jua. Ujuzi huo aliupata kwa kuvunja vyombo, pamoja na redio mpya ya mama yake, na inasemekana mama hakupendezwa. Simba hawakurudi zizini kwao. Bibi mmoja jirani aliyeliwa mifugo akaomba awekewe, na miji mingine ikafuata.

Mwaka 2013 kijana huyo alikwenda California kueleza kazi yake mbele ya wataalamu. Aliwaambia kwamba alipokuwa akichunga aliziona ndege zikipita juu, akajiahidi kwamba siku moja naye atakuwa ndani yake.