Mzazi Anapofundishwa Kutouliza

"Tumbo linaendeleaje leo?"

Kwa mzazi, hilo ni swali la mapenzi. Kwa miezi mitano mtoto analalamika, vipimo vya damu ni safi, ultrasaundi haioneshi kitu, na shule anakwenda siku tatu, anakosa mbili. Ataachaje kumwuliza? Lakini katika WebMAP, tiba ya kisaikolojia ya mtandaoni iliyobuniwa na Profesa Tonya Palermo na wenzake nchini Marekani, wazazi huelekezwa kulipunguza swali hilo. Kila anapoulizwa, mtoto hulisikilizia tumbo upya.

Maumivu yakipita miezi mitatu, madaktari huyaita sugu. Mara nyingi kidonda kimeshapona, au hakikuwapo tangu mwanzo, ila mishipa ya fahamu imebaki macho kama king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita. Mtoto hasingizii. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una mfano wa lango, na kwamba ubongo unaweza kulifungua au kulibana. Hofu na kukosa usingizi huzidisha maumivu. Hapo ndipo mwanasaikolojia anapopata kazi, na hapo ndipo wazazi wengi hukasirika, wakidhani mtoto wao ameitwa mwongo.

Hata Marekani, mtaalamu wa namna hiyo huenda akawa mwendo wa saa kadhaa kwa gari. WebMAP inamfuata mtoto nyumbani. Kijana wa miaka 11 hadi 17 huingia kwenye tovuti iliyochorwa kama safari ya kuzunguka dunia, yenye vituo vinane. Kituo kimoja anajifunza kuvuta pumzi na kulegeza misuli, kingine kupanga usingizi, kingine kurudi darasani kidogo kidogo. Mzazi ana masomo yake, na mshauri husoma kazi za nyumbani na kuwaandikia.

Je, inasaidia? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha vijana 273 wa Marekani na Kanada. Baada ya miezi sita, waliopata tiba hiyo walikuwa wamepiga hatua zaidi katika shughuli zao za kila siku kuliko wenzao waliopewa tovuti ya maelezo tu. Ukali wa maumivu haukuwa na tofauti. Msomaji mwenye haraka atasema tiba imefeli. Mama ambaye mwanawe amerudi shule hatakubaliana naye. Hata hivyo, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kuchambua tafiti za afya, walipozikusanya tafiti za tiba za mbali za aina hii mwaka 2019, waliuona ushahidi bado ni mwembamba.

Huko Toronto, kundi la Jennifer Stinson lilitengeneza programu ya simu ya kukabili maumivu, iCanCope, ambayo ina toleo la vijana wenye selimundu, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu. Habari hiyo inaihusu Tanzania, ambako inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo kila mwaka. Lakini simu ni ya baba, na bando likiisha limeisha. Kisha kuna lugha. Programu za aina hii humtaka kijana ayapime maumivu yake kila siku, kuanzia 0 hadi 10. Ukimwuliza hivyo mtoto wa Temeke, usishangae akikujibu kwamba jana mguu ulikuwa unachoma, leo unapwita.